Sapatu za Mzee Ewald

Mtu akikaa miaka na miaka hajakununulia hata soda, halafu siku moja akakwambia vaa vizuri nikakutembeze, usifurahi. Kaa chonjo. Mimi ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo nilivyomwambia mume wangu Burkhard jioni ile baba yake alipopanda ngazi hadi kwetu juu. Mzee alisimama mlangoni, hakuingia, akasema Jumamosi sote tunakwenda Wallersbrunn, tiketi juu yake, chakula cha mchana juu yake. Kisha akashuka zake. Burkhard akaendelea kumenya chungwa. Eti labda mzee kaamua kufurahi. Nikamwambia baba yako hajafurahi tangu tramu zibadilishwe rangi.

Sisi tunakaa Fürth, nyumba moja ya ghorofa, mali ya mzee. Chini anakaa wifi yangu Gerlinde, katikati mzee mwenyewe, juu mimi na Burkhard na binti yetu Jule. Mzee Ewald Drechsel aliendesha tramu Nuremberg maisha yake yote ya kazi. Ni mtu mrefu, mkavu, mwenye masikio makubwa na maneno machache. Watu waliopanda tramu yake bado wanamsimulia: bibi kizee akiikimbilia, Ewald alimsubiri hata kama abiria wananung'unika; kijana akikimbia, alimfungia mlango puani, akisema huyo ana miguu. Mkewe Irmgard alipofariki, hakulia mbele yetu. Alivaa koti lake la kazi la buluu, akaenda kukaa kituo cha mwisho cha njia yake ya zamani, akarudi usiku umeingia, akauliza supu iko wapi.

Supu ilikuwa kwa Gerlinde. Wifi yangu alirudi kwa baba yake baada ya ndoa kumshinda, ana masanduku mawili na uso wa mtu aliyedhulumiwa, na tangu mama yao azikwe yeye ndiye aliyempikia mzee, akamfulia, akampa vidonge vyake vya presha. Na kumchunga, usiseme. Chumvi aliificha. Chupa za bia alizihesabu. Makoti aliyanusa. Nilikuwa nasema moyoni, huyu si binti, huyu ni forodha. Lakini nilijua pia kinachomsumbua, kwa sababu alinieleza mwenyewe siku moja tukianika nguo: binamu yao wa Bamberg alipata mama wa kambo uzeeni, na kabla ya Pasaka alikuwa anazunguka na mabegi kutafuta chumba cha kupanga. Gerlinde hana kwingine. Mzee akileta mwanamke pale nyumbani, wifi yangu yuko barabarani.

Basi siku ile ya mwaliko, mzee hajafika hata kwenye ngazi ya chini, Gerlinde akawa kwetu, kafunga mlango kwa mgongo.

"Wifi, ana mwanamke," akasema.

Nikamkalisha, nikammiminia kahawa. Akanimwagia yote. Kila Alhamisi mzee alikuwa anaaga kwamba anakwenda kwenye bustani yake, kile kiwanja chake kidogo kule ng'ambo ya reli, chenye kibanda na miti ya tufaha. Sawa. Lakini Alhamisi iliyopita mvua ilinyesha kutwa, na mzee alirudi jioni viatu vikimeremeta. Mtu gani anatoka bustanini mwezi wa Oktoba bila tope? Gerlinde akaenda kuchungulia. Matango yameoza yamelala chini, kufuli ya kibanda imeota kutu. Halafu kiti cha marehemu mama yao, kile cha kuegemea, kilikuwa kimepelekwa kwa fundi kubadilishwa kitambaa tangu kiangazi, na fundi gani huyo asiyemaliza? Halafu likaja la sapatu.

Hapo na mimi nikaweka kikombe chini. Sapatu za mzee za sufi, za kijivu, ambazo marehemu alimnunulia, hazikuwepo tena pale mlangoni kwake. Alipoulizwa alisema zimechakaa, kazitupa. Mzee Ewald atupe kitu? Huyu anayenyoosha misumari iliyopinda? Na kwetu kila mtu anajua: mtu anaweza kusahau mwavuli kwa watu, anaweza kusahau hata meno, lakini sapatu zake za nyumbani hazihami mpaka mwenyewe awe amehamia. Nyumba yenye sapatu zako ndiyo kwako. Nikamwambia Gerlinde, wifi, hapa pana jambo.

Jumamosi asubuhi tukapanda treni. Tiketi ilikuwa moja ya kikundi, ile ya kutwa nzima, ambayo lazima iandikwe jina la kila anayesafiri nayo. Mzee akaandika majina yetu matano kwa mwandiko wake wa kusimama wima, la kwake la mwisho. Mgongoni alikuwa na begi kubwa la milimani, limetuna. Gerlinde akajitolea kumbebea. Mzee akakataa. Akajitolea kuliweka juu kwenye rafu. Mzee akalikumbatia mapajani. Wifi akanitazama, nami nikamtazama.

Tulipopita Ansbach, Gerlinde akafungua kapu lake: mikate iliyopakwa siagi na jibini, mayai ya kuchemsha, matango ya siki, kahawa kwenye chupa. Mkate wa mzee ulifungwa peke yake, umeandikwa herufi E, hauna chumvi hata chembe. Mzee akasema atakula baadaye. Gerlinde akauliza baadaye saa ngapi. Mzee akatazama dirishani. Mkaguzi wa tiketi alipopita akasoma majina yetu, akahesabu vichwa, akasema ni raha kuona familia nzima inatoka pamoja. 

Mimi mwenyewe, kusema kweli, sikuwa na wasiwasi na mwanamke. Nilikuwa na wasiwasi na Gerlinde. Nilihisi akimfumania mzee atapiga kelele mji mzima utoke madirishani, na nikawa nawaza nitamficha wapi Jule kwa aibu. Na Burkhard naye alinitia shaka. Mume wangu ni mtu wa kulalamika kwenye safari. Shingo inamuuma, baridi inaingia. Siku ile alikuwa ametulia tuli, anakula yai. Nikaliweka hilo akilini.

Wallersbrunn mnaijua, au kama hamuijui mnaijua miji mingine kama huo: ukuta mzima unauzunguka mji, milango mitano yenye minara, nyumba za mbao na udongo zilizoegemeana kama walevi, mawe ya barabarani yanayovunja kisigino. Ukungu ulikuwa haujaondoka. Wageni wengine walioshuka nasi walisimama mbele ya lango wakigeuza ramani. Mzee hakusimama. Alipita lango dogo la pembeni ambalo mimi nilidhani ni mlango wa choo, akakata kushoto, akakata kulia, akapita uchochoro wa watengeneza ngozi, sisi nyuma yake tukihema. Mwanamke mmoja anayefagia mbele ya duka la mikate akamwinulia ufagio. Mzee akagusa kofia.

Gerlinde akanibana mkono mpaka nikahisi kucha. "Umeona? Anasalimiwa."

Nikamwambia hata mimi nasalimiwa na wafagiaji. Lakini sikuyaamini maneno yangu. Mbele kidogo mbwa mnene wa kahawia aliyelala mlangoni mwa mkahawa akainuka, akamjia mzee akitikisa mkia, akamsukumia kichwa gotini. Mzee anachukia mbwa. Kwetu anawafukuza na gazeti. Pale akatoa kitu mfukoni, akampa, akamkuna sikio. Jule akacheka, akasema Babu ana rafiki. Shangazi yake alimkata jicho mtoto akanyamaza.

Tukaingia. Mkahawa wa dari ya chini, jiko la vigae, harufu ya soseji na kabichi iliyochachushwa. Meza zilikuwa tupu karibu zote, na pale kwenye kona, jirani na jiko, ilikuwepo meza ya duara yenye kibao cha shaba katikati. Sasa hii hata mtoto mdogo kwetu anaijua. Meza yenye kibao ni ya wenyewe. Mkahawa uwe mtupu, mvua inyeshe, uwe meya au uwe padri, kama si wa meza ile huikalii. Utatazamwa mpaka unyanyuke mwenyewe. Wazee wawili walikuwa wamekaa pale na bia zao. Mzee Ewald akavua kofia, akaiendea meza, akagonga ubao mara mbili kwa vifundo vya vidole kama wenyeji wanavyofanya, akavuta kiti, akaketi.

Hakuna aliyemtazama vibaya. Mmoja wa wale wazee akamsogezea kikapu cha mkate. Mwenye mkahawa, mwanamke wa makamo, mnene wa haki, mashavu mekundu, nywele kazifunga kitambaa, akafungua kabati la kioo lenye kufuli ambamo wateja wa kudumu huweka vikombe vyao, akatoa kikombe cha udongo. Jule ndiye aliyesema, kwa sauti ya kunong'ona, kwamba kina picha ya tramu.

Mwanamke yule akamwekea mzee bia, akaweka na mkono begani kwake. "Umewaleta," akasema.

"Nimewaleta, Walburga," mzee akajibu.

Nilimwona Gerlinde anavyobadilika rangi. Alikuwa bado amesimama, kapu mkononi. Nilimhurumia, sifichi. Pamoja na forodha yake yote, alikuwa anaitazama nyumba ikimponyoka. Tukaketishwa meza ya jirani. Walburga akauliza tunakunywa nini, akamwita kila mmoja kwa jina lake bila kutambulishwa, hata Jule. Gerlinde akaomba maji. Akayaacha.

Baadaye kidogo mzee akanyanyuka, akachukua begi lake, akasema anarudi sasa hivi, akatokea mlango wa nyuma. Walburga naye alikuwa ameingia jikoni. Wifi yangu akahesabu moyoni mpaka uvumilivu ukamwishia, ambao hata hivyo haukuwa mwingi, akatoka mbio. Nikamfuata, maana damu ya mtu ikimwagika lazima pawe na shahidi.

Nyuma ya mkahawa palikuwa na ua mrefu, na kwenye ua safu ya nyumba ndogo ndogo zilizoegemezwa kwenye ukuta wa mji, kila moja mlango wake wa kijani na benchi lake. Mlango mmoja ulikuwa wazi. Nje ya kizingiti, zimepangwa sambamba, visigino vinatazama ukuta, zilikuwepo sapatu za sufi za kijivu.

Gerlinde hakubisha hodi. Aliusukuma mlango kwa mikono miwili, akaingia akiwa tayari amefungua kinywa. Mimi nikaingia nyuma yake, nikamgonga mgongoni, kwa sababu alikuwa amesimama ghafla.

Hakukuwa na mwanamke. Palikuwa na chumba kimoja cheupe, kitanda chembamba, jiko dogo, dirisha linalotazama mtaro wa zamani wa ukuta na bata wawili. Kiti cha marehemu mama mkwe kilikuwa dirishani, kitambaa kipya. Mzee alikuwa amepiga magoti, begi wazi, anatoa mto wake na saa ya ukutani iliyokuwa chumbani kwake na Irmgard. Kwenye kiti kidogo alikaa mzee mwingine, mdogo kama sungura, ameshika msumari. Mzee yule akatusalimu vizuri, akasema anaitwa Alfons, jirani wa mlango wa pili, kisha akaona hali ilivyo, akauacha msumari mezani, akaenda zake.

"Yuko wapi?" Gerlinde akauliza.

"Nani?"

"Huyo mwanamke wako."

Mzee akaketi kitandani. Akamtazama binti yake, na mimi nikatamani ningebaki mkahawani na soseji.

"Gerlinde," akasema, "mimi nimeendesha tramu umri mzima. Mkaguzi alikuwa anapanda, anaangalia, anashuka. Nyumbani kwangu mkaguzi hashuki."

Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mpigo. Na akaendelea. Alisema alifika Wallersbrunn mara ya kwanza kwa bahati mbaya, Alhamisi moja alipopitiwa na usingizi kwenye treni. Akaingia pale mkahawani, akasimama kama mgeni, na Alfons akamuuliza ametokea wapi, anafanya kazi gani, tramu inafungwaje breki kwenye theluji. Akaulizwa na akajibu mpaka treni ya jioni. Akarudi Alhamisi nyingine. Alikaa kwenye meza za wageni muda mrefu, kabla wenyewe hawajamvutia kiti. Chumba kile ni cha wakfu, aliouacha tajiri mmoja wa biashara ya chumvi zama ukuta wa mji ungali na kazi, kwa ajili ya wazee wanaotaka kuishi peke yao bila kuwa wapweke. Kimoja kimebaki wazi, naye kakiomba.

"Huku naulizwa habari," akasema. "Kule nachunguzwa. Nyumba nimekuachia wewe, na juu wataendelea kukaa Burkhard na mkewe. Hakuna mtu atakayekutoa."

Wifi yangu alikuwa amepata alichokuwa akikililia miaka yote. Nilidhani atashusha pumzi. Badala yake alikaa chini kwenye kiti cha mama yake, akashika mikono ya kiti, akalia kama mtoto aliyepotezwa sokoni.

Burkhard alikuwa amesimama mlangoni. Nikamuuliza nani alileta kiti. Akatazama bata. Nikalikumbuka lile gari la rafiki yake aliloazima mwezi wa Agosti, eti kubebea mbao. Nikamwambia tutaongea nyumbani, na tuliongea.

Lakini mambo hayakuwa yamekwisha. Wakfu ule una sharti lake, nalo ndilo lililotupeleka Wallersbrunn wote watano. Mzee hapewi ufunguo mpaka watu wake waje wale naye supu kwenye meza ya wenyewe, na waulizwe mmoja mmoja mbele ya mashahidi. Yule tajiri wa chumvi alikuwa na shaka na watoto wa watu. Hakutaka ije isemwe kwamba mzee fulani aliibwa na mji, wala hakutaka mji uwe jalala la kutupia wazazi. Akikataa mmoja tu, chumba anapewa mwingine. Na mwenye kuuliza ni mwenye mkahawa, tangu enzi hizo. Ndiyo maana Walburga alikuwa anayajua majina yetu.

Tukaketi meza ya duara, tumebanana na wale wazee. Ililetwa supu ya matonge ya maini. Tukala. Kisha Walburga akafuta mikono, akasimama nyuma ya kiti cha mzee.

"Ewald Drechsel, umekuja au umeletwa?"

"Nimekuja."

Akamgeukia Burkhard, akamuuliza anamruhusu au anamtupa. Burkhard akasema anamruhusu. Mimi nikasema namruhusu. Jule akauliza kama ataruhusiwa kuja likizo, akaambiwa ataruhusiwa, akasema basi sawa, anamruhusu. Ikabaki kwa Gerlinde.

Alikuwa anatazama bakuli la baba yake. Wale wazee wawili waliacha kutafuna. Mzee Ewald alikuwa ameshika kijiko wima, supu haigusi tena, anamtazama binti yake bila kupepesa. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba alikuwa anaogopa. Akisema hapana huyu, mzee anarudi kwenye ile ghorofa ya katikati mpaka afe.

Gerlinde akavuta kijiko chake mwenyewe, akakitia kwenye bakuli la mzee, akaonja. "Ina chumvi sana," akamwambia Walburga. "Ana presha."

Walburga akasema atapunguza.

Wifi akafungua mkoba wake, akatoa kopo la vidonge ambalo hajawahi kuwa mbali nalo tangu mama yao afe. Akaliweka mezani mbele ya Walburga, si mbele ya baba yake. Kimoja asubuhi, akasema, kimoja jioni baada ya kula, na atawadanganya kwamba ameshakunywa, msimwamini. Kisha akasema namruhusu, kwa sauti ndogo mpaka Walburga akamwomba arudie, kwa sababu ya mashahidi. Akarudia.

Mzee hakutusindikiza stesheni. Alisema jioni ile ana zamu ya kupanga kuni za jiko, lakini mimi nadhani aliogopa kulia mbele yetu. Alisimama mlangoni pake, amevaa sapatu, mbwa miguuni. Gerlinde akamfunga kifungo cha juu cha koti. Mzee akamwacha amfunge.

Tukapanda treni ya jioni. Mkaguzi alikuwa yule yule wa asubuhi. Akachukua tiketi, akasoma, akahesabu vichwa, akarudia kuhesabu.

"Hapa mmeandikwa watano," akasema. "Nawaona wanne."

"Wa tano ameshuka," Gerlinde akasema.

"Anakuja na treni ya nyuma?"

"Haji. Pale ndipo kwake."

Mkaguzi akagonga mhuri, akapita. Gerlinde akafungua kapu, akatoa ule mkate ulioandikwa E, bado umefungwa vile vile. Akaukata nusu, akanipa mimi nusu, na tukaula bila chumvi mpaka ukaisha.